Binti Anayefunga Kila Siku: Ibada au Maradhi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Juma hili ukurasa wetu unazungumzia maradhi ambayo wazazi wengi wa Dodoma, Kondoa na Singida hawajapata kuyasikia kwa jina, ingawa huenda baadhi yao wanaishi nayo nyumba moja. Ni maradhi yanayomfanya mtu, mara nyingi binti aliyekaribia au aliyekwisha kubaleghe, ajinyime chakula mpaka mwili umwishe, hali chakula kipo jikoni. Madaktari huyaita anoreksia nevosa, nayo huyahesabu miongoni mwa maradhi ya akili.

Kwa mtu wa nyanda hizi za kati, jambo hilo ni gumu kulisadiki. Sisi njaa tunaijua kwa sura nyingine. Wazee wa Kigogo wamerithishana habari za njaa kuu waliyoiita Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kukomba ng'ombe na nafaka na mvua nayo ikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, ambako ugali wa uwele kwa mlenda ni neema ya kushukuriwa, binti anayeisukuma sahani huonekana mtovu wa shukurani. Mzazi humkemea, shangazi humsuta, na ndugu zake humcheka. Ikiwa anaumwa, kemeo halimponyi. Humfundisha tu kujificha.

Maradhi haya si mageni duniani. Tabibu Richard Morton wa London aliandika mwaka 1689 habari za msichana aliyekonda mpaka akafa bila ya kupatikana homa wala kifua kikuu. Jina linalotumika leo lilitolewa na tabibu mwingine wa Kiingereza, William Gull, katika miaka ya 1873 na 1874. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kukosa hamu ya chakula. Jina hilo lina kasoro, kwa kuwa wagonjwa wengi, hasa mwanzoni, hamu wanayo na njaa wanaisikia. Kinachowatesa ni vita ya kuishinda njaa hiyo kila saa, na raha ya muda mfupi wanayoipata wanapoishinda.

Madaktari huyatambua maradhi haya kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kupunguza chakula mpaka uzito ushuke chini ya kiasi kinachofaa kwa umri na kimo cha mtu. La pili ni hofu kubwa ya kunenepa, au mwenendo wa kukwepa kila kitu kinachoweza kuongeza uzito, hata pale mtu anapokuwa amekonda. La tatu ni kutouona mwili kama ulivyo: hujitazama kwenye kioo na kuona unene usiokuwapo, au hukanusha kabisa kwamba hali yake ni ya hatari. Hili la tatu ndilo linalowachanganya wazazi, kwa sababu binti anapoapa kuwa hana tatizo lolote, hasemi uongo kwa namna tunayoielewa sisi. Macho yake yamegeuka shahidi wa uongo juu ya mwili wake.

Mwili nao hutoa ushahidi wake. Mgonjwa husikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho. Nywele hupukutika, ngozi hukauka, na mikononi na mgongoni huota malaika yanayofanana na ya mtoto mchanga. Hupata kizunguzungu anaposimama. Choo huwa kigumu, mapigo ya moyo huwa ya polepole, mifupa hupoteza uimara, na hedhi huweza kukatika. Maradhi yakiendelea, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama ghafla. Wengine hufikia kuyakatia tamaa maisha yao. Ndiyo maana anoreksia huhesabiwa miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua kwa kiwango kikubwa zaidi. Vijana wa kiume nao hupatwa, ingawa wasichana ndio wengi.

Msomaji anaweza kuuliza: je, hayo si maradhi ya Wazungu? Ni kweli kwamba katika Afrika Mashariki hayajaonekana kwa wingi, na makala iliyochapishwa Kenya mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki iliyaeleza kuwa ni nadra huko. Lakini nadra haina maana ya kutokuwapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowahusu wasichana na wanawake 214 wa Tanzania, ulikuta dalili za matatizo ya ulaji miongoni mwao, na ukazihusisha na kuzoea vyombo vya habari vya nchi za Magharibi. Wakati huo simu yenye intaneti ilikuwa bado haijaingia katika kila mkoba wa mwanafunzi. Leo msichana wa bwenini Kongwa au Mpwapwa huona kabla ya kulala picha nyingi za wanawake waliokondeshwa na kurembeshwa kwa programu za simu kuliko alizoziona bibi yake maisha yake yote.

Hata hivyo, kwa nyumba ya Kiislamu funzo zito zaidi limetoka Ghana. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa kike 668 katika shule mbili za sekondari za kaskazini mashariki ya nchi hiyo. Watafiti waliwapima na kuwatenga wale ambao wembamba wao ulitokana na ugonjwa mwingine. Wakabaki wasichana 10 ambao hapakuwa na sababu ya kukonda kwao isipokuwa kujinyima chakula kwa hiari. Wasichana hao hawakuzungumza sana juu ya urembo wala kuogopa unene. Walizungumza juu ya dini: kujizuia, kuitawala nafsi, na fadhila ya kushinda njaa.

Hapo ndipo tunapopaswa kusimama na kufikiri. Katika jamii yetu hakuna pazia zuri la kufichia maradhi haya kuliko swaumu. Tuchukue mfano. Binti wa kidato cha tatu amemaliza Ramadhani, akaunganisha Sita za Shawwal. Baada ya hapo akashika Jumatatu na Alhamisi, kisha siku tatu za katikati ya mwezi, na mwishowe ikawa haipiti siku bila kufunga. Mama yake husifiwa na majirani kwa kulea mcha Mungu. Ustadhi humtaja darasani awe kielelezo kwa wenzake. Hakuna anayethubutu kumwambia ale, kwani nani atamzuia mtu na ibada? Na pengine yeye mwenyewe hajui tena ni lini nia yake ilibadilika.

Haturuhusiwi kuwadhania vibaya wafungaji, na wengi mno wanaofunga sunna wana afya njema na nia safi. Lakini mzazi anaweza kutofautisha, na mahali pa kutofautishia ni wakati wa magharibi. Tazama futari. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa mfungaji ana furaha mbili, na moja ni ile ya wakati wa kufuturu. Akahimiza kufuturu mapema jua linapotua, akasema daku lina baraka, na akawakataza Masahaba kuunganisha siku kwa siku bila ya kufuturu. Swaumu ya Kiislamu, basi, ina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea, na yote miwili imefungamana na chakula. Anayefunga kwa ajili ya Allah hutoka kwa furaha. Mgonjwa huuogopa mlango wa kutokea. Atanyonya tende moja kwa nusu saa, atakunywa maji, kisha atasimama kuosha vyombo. Atasema amekula kwa shangazi, au tumbo limejaa gesi. Daku hulilala kila siku. Na siku ya Idi, ambayo kufunga ni haramu, wenzake wanapofurahia pilau yeye huwa na wahka usio na maelezo.

Ipo alama nyingine ambayo mama wa Kiislamu anaweza kuiona kabla ya daktari. Binti aliyevunja ungo, kwa kawaida, hutoka Ramadhani akiwa na deni la siku chache alizokula kwa udhuru wa kila mwezi. Ikiwa binti amefunga siku zote za mwezi bila kukosa hata moja, na miezi mingine pia hakuna siku ambayo ameacha kuswali, mama asikimbilie kumpongeza. Huenda ikawa ni mpangilio wa kawaida wa umri wake, huenda hedhi imekatika kwa kukosa lishe, na huenda kuna sababu nyingine. Amuulize faraghani kwa upole, kisha ampeleke akapimwe.

Sheria yetu haikuacha jambo hili bila ya mwongozo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Salman Al-Farisy alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiacha bila kujitunza. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa Abu Dardaa hana haja tena na mambo ya dunia. Abu Dardaa akamwandalia mgeni chakula, akamtaka ale peke yake kwa kuwa yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na Abu Dardaa akala. Usiku akamzuia kusimama kuswali mpaka alale kwanza. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema Salman amesema kweli.

Tuangalie alivyofanya Salman. Hakumtukana ndugu yake wala hakuitilia shaka imani yake. Alikaa naye penye chakula, akakataa kula peke yake. Nafsi ina haki, na anayeidhulumu nafsi yake hasifiwi kwa dhuluma hiyo hata akiifanya kwa jina la ibada.

Ama swaumu ya faradhi, aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Wanachuoni wamebainisha kuwa anayethibitishiwa na tabibu mwaminifu kuwa kufunga kutamdhuru au kumuua hatakiwi kufunga. Akitarajiwa kupona, atalipa atakapopona. Maradhi yasiyotarajiwa kupona yana hukumu ya fidia. Mgonjwa wa anoreksia anaingia katika mlango huu kama anavyoingia mwenye vidonda vya tumbo. Familia iende kwa daktari na kwa sheikh wake pia, ili binti asikie kwa kinywa cha mwanachuoni kwamba kula kwake ni utiifu. Neno hilo likitoka kwa sheikh humpokonya maradhi ngao yao kubwa.

Familia nyingi hupoteza miezi katika njia za pembeni. Wengine husema ni jini aliyemkatalia chakula, wakamzungusha kwa waganga kutoka Chang'ombe hadi Kondoa. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema na lina nafasi yake. Lakini Mtume (s.a.w.) alituamuru pia tutafute tiba, na kisomo hakizuii kupima damu. Wengine hunong'ona kuwa binti ana virusi vya UKIMWI, kwa kuwa kwa miaka mingi kukonda kumekuwa na maana hiyo katika macho ya watu. Wengine huamua kumwoza haraka wakidhani ni mawazo ya ujana. Mwili wenye njaa ukibebeshwa ndoa na mimba unapelekwa penye hatari mbili.

Tena wapo wanaobishana naye usiku kucha kwa hoja. Hapa kuna jambo la kujifunza kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita wanaume 36 wenye afya waliojitolea, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Wanaume hao hawakuwa na maradhi ya akili. Baada ya kukonda wakawa wenye hasira na huzuni, wakajitenga, wakawa hawazungumzi ila chakula, na baadhi yao wakakusanya vitabu vya mapishi. Njaa yenyewe huibadili akili. Ndiyo maana binti asiyekula huweza kupenda kuwapikia wengine, na ndiyo maana hoja haziingii. Mwili ulishwe kwanza, akili itarudi kusikiliza.

Basi mzazi afanye nini?

Kwanza, azungumze naye wakiwa wawili, wakati usio wa chakula. Aseme alichokiona, asitoe hukumu: Mwanangu, naona unasikia baridi, naona unazimia-zimia, nami naogopa. Tuongozane hospitali. Asitaje unene wala wembamba, hata kwa kusifu. Kumwambia aliyeanza kula kwamba sasa amenawiri kunaweza kumrudisha nyuma, kwa kuwa yeye husikia kwamba amenenepa.

Pili, ampeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya akapimwe. Si kila anayekonda ana anoreksia. Kifua kikuu, kisukari, tezi la shingo, minyoo na sonona vyote hukondesha, na ni lazima vichunguzwe. Akizimia, akichanganyikiwa, moyo ukienda bila mpangilio, miguu ikivimba, akitapika mfululizo au akizungumzia kufa, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mkoani kwetu ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma.

Tatu, asimlishe kwa pupa. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu akipewa chakula kingi ghafla, madini ya damu yanaweza kushuka na kumuua. Aliyekonda sana arudishwe kwenye chakula hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa wataalamu.

Nne, asiliogope jina la Mirembe. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapa hapa Dodoma tangu enzi za ukoloni, na mji mzima umeligeuza jina lake kuwa tusi. Watoto hutupiana njiani, na watu wazima huwanyamazisha wenzao kwa kuwaambia wapelekwe Mirembe. Tusi hilo lina gharama. Mzazi mwenye mgonjwa hupita mbele ya lango lenye wataalamu wa afya ya akili, akaenda mbali kutafuta msaada usiokuwapo, kwa kuogopa tu kuonekana akiingia. Wagonjwa husafirishwa kutoka mikoa mingine kuja huku, na sisi tulio jirani ndio tunaoona haya.

Tano, familia iwe sehemu ya tiba. Hakuna kidonge kinachoponya anoreksia peke yake. Kwa vijana wanaoishi na wazazi, mojawapo ya njia zilizothibitika ni ile iliyoasisiwa katika Hospitali ya Maudsley, London, ambayo ilianza kufanyiwa majaribio katika miaka ya 1980. Wazazi, wakiongozwa na wataalamu, hushika kwa muda jukumu la kuamua mtoto ale nini na lini, na hukaa naye kila mlo mpaka aumalize, bila matusi wala kukata tamaa. Uzito ukirudi, mtoto hurejeshewa polepole mamlaka ya sahani yake. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja hatuna haja ya kufundishwa maana ya jambo hilo. Baba arudi mapema. Simu ziwekwe kando. Bismillahi isemwe kwa pamoja, na asiyemaliza asubiriwe. Ni kazi ya miezi, na huweza kuwa ya miaka, lakini wengi hupona, na anayewahiwa mapema hupona kwa wepesi zaidi.

Walimu wa madrasa na walezi wa mabweni nao wana amana. Wakimwona mwanafunzi anafunga mfululizo na huku anadhoofu, wasimfanye kielelezo mbele ya darasa. Wamwite kando na wawaarifu wazazi wake. Kumwambia mtoto kwamba leo ale ni malezi ya dini kama kulivyo kumfundisha kufunga.

Ewe mzazi, Ijumaa hii au Jumatatu ijayo, jua litakapotua na adhana ya magharibi kusikika, weka tende mbele ya binti yako na ukae. Usimkodolee macho. Kula naye tu, na uone kama anafurahi.

Twamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awape wazazi subira na hekima, na atujaalie miili tutakayoulizwa kesho tulivyoitunza. Wabillahi tawfiq.